Mdomo Wangu wa Juu na Rula ya Meneja

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki yetu ya Meno,
Ghorofa ya kwanza, mlango wa mwisho.

Daktari mheshimiwa,

YAH: MDOMO WANGU WA JUU, NA KUHAMISHIWA KWANGU STOO

Pokea salamu nyingi na heshima zote. Mimi ni yule mpokeaji wa wagonjwa uliyenikuta hapa ulipokuja, ambaye kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mtu wa kwanza kuonwa na kila mwenye jino bovu anayepanda ngazi zetu. Najitambulisha kwa sababu tangu Ijumaa ya wiki ya juzi sionekani. Nimehamishiwa stoo ya mafaili, nyuma ya ndoo na ile mashine mbovu ya kuchemshia vyombo, na barua hii naiandikia juu ya boksi la glavu. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi nichague: nitengenezwe mdomo, au nizeekee humu.

Kosa langu unalijua. Nikitabasamu, meno yangu ya juu hayaonekani. Mdomo wa juu ni mrefu, na nikifurahi hauinuki, unajitandaza tu, kwa hiyo watu huona meno ya chini peke yake. Wenzangu wameniita Pazia tangu mwaka wa kwanza na sijawahi kununa. Lakini meno ya juu yapo, Daktari. Yapo yote na ni mazima, naomba hilo liandikwe kwenye faili langu.

Balaa limeletwa na lile bango jipya la "Tabasamu Letu" pale mlangoni, lenye picha za wafanyakazi. Mama mmoja aliitazama picha yangu akamuuliza Meneja kama mimi ndiye mfano wa kabla ya matibabu. Meneja ni mtu wa vitendo. Alinunua rula siku hiyohiyo. Naomba sasa unisikilize, hoja moja baada ya nyingine.

1. Kuhusu rula. Kila asubuhi kabla ya kufungua tunapangwa foleni kwenye korido, tunaambiwa tuseme "iii", na Meneja anapita na rula ya plastiki ya mtoto wa shule akipima na kuhesabu meno ya juu. Matokeo yanabandikwa juu ya sinki. Muuguzi ana manane. Mama wa usafi ana kumi. Mlinzi ana sita na pengo, na pengo limehesabiwa nusu kwa kuwa, kwa maneno ya Meneja, angalau linaonekana. Mimi nina sifuri. Nilimwonyesha kwamba ya chini yanaonekana sita, tena yamejipanga vizuri, akasema ya chini hayahesabiwi. Naomba kujua ni udaktari gani unaosema meno ya chini si meno. Mimi nayatumia kila siku wakati wa kula na sijaona tofauti.

2. Kuhusu kipeperushi chako cha kurekebisha tabasamu, nilichopewa na Meneja. Nimekisoma chote mpaka jina la mchapaji. Njia ya kwanza ni kubandikiwa maganda membamba ya kauri ili meno yarefuke na kuchungulia. Kwa heshima zote, mdomo huu naujua kuliko wewe. Ni mkaidi. Meno yakishuka nao utashuka, vitafukuzana mpaka kidevuni, na mwisho nitakuwa na meno ya sungura ambayo bado hayaonekani. Njia ya pili ni sindano ya kuukunja mdomo kuelekea juu, ila kipeperushi kinakiri kwamba nguvu yake huisha baada ya miezi michache. Yaani nifurahi kuanzia Januari hadi Aprili, halafu ifikapo Mei wagonjwa waanze kuuliza nimefiwa na nani.

3. Kuhusu kukatwa. Njia hii nimeipa namba yake kwa sababu ni jambo la ukoo. Inatakiwa nikatwe kipande cha ngozi chini ya pua, nishonwe, ili mdomo upande juu. Daktari, mdomo huu si wangu peke yangu. Ulikuwa wa marehemu baba, naye aliupata kwa babu. Shangazi yangu anao mpaka leo, na ameolewa nao mara mbili. Ni urithi ambao haujagawanywa, na mtu hauzi kipande cha urithi bila kikao. Nilimpigia shangazi kumwomba ridhaa. Akaniambia nikate tu nikipenda, ila nisibishe hodi kwake na uso wa watu wengine.

Naomba niseme na hili, ingawa halina rula. Sura yangu yote imetoka kwa mama, isipokuwa hapo kati ya pua na mdomo. Nikinyoa asubuhi, hapo ndipo namwona baba. Sina picha yake hata moja. Ukinikata hapo utakuwa umemzika mara ya pili, na mimi ile ya kwanza ilinitosha.

4. Kuhusu mazoezi. Njia hii ya nne nimeijaribu nisije nikaitwa mbishi. Kwa karibu wiki mbili nimeuma penseli na kuinua mdomo mara mia asubuhi na mara mia jioni mbele ya kioo cha bafuni. Mama watoto alitaka kujua namchekea nani humo ndani. Binti yetu alikwenda shule na penseli zenye alama za meno, na mwalimu akaandika kwenye daftari kwamba tafadhali mtoto awe anapewa kifungua kinywa. Hayo niliyavumilia. Lakini siku ya kumi na mbili tulikwenda kuhani msiba wa jirani, na wakati natoa pole mdomo ukapanda wenyewe. Ndiyo mara ya kwanza maishani meno yangu ya juu kuonekana hadharani, na ilikuwa mbele ya mjane. Nimeacha mazoezi.

5. Kuhusu suluhisho, maana mtu asilalamike tu. Wiki iliyopita nilipanda ngazi stoo kubadilisha balbu. Mama wa usafi alikuwa ameishika ngazi chini, akanitania, nikacheka, naye akapaza sauti: "He! Kumbe Pazia una meno!" Kisha akanyamaza, sikuelewa kwa nini. Tangu siku hiyo, kila siku saa nne ananiletea glasi ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi na kuondoka bila neno, jambo ninalolichukulia kuwa ni heshima kwa mkubwa wake wa kazi.

Umeona hapo, Daktari? Tatizo si mdomo. Tatizo ni urefu wa watu wanaonitazama. Nikitazamwa kutoka chini meno yapo. Kwa hiyo naomba meza ya mapokezi iwekwe juu ya jukwaa la sentimita themanini. Ikiwa fundi hapatikani, viti vya wagonjwa vikatwe miguu. Na kwa warefu wanaosimama, mlango wetu upunguzwe kwa juu ili kila mtu aingie ameinama, akiinua kichwa akutane na meno yangu yote kwa mpigo. Wakati huo Meneja aje na rula yake, na anipimie hapohapo jukwaani.

6. Kuhusu wagonjwa, na hapa sitanii. Nafasi yangu amepewa binti wa kaka yake Meneja. Ni binti mwenye adabu, na ana meno kumi na mawili ya juu, rekodi ya kliniki. Ndilo tatizo. Wanaopanda ngazi zetu, Daktari, hupanda wameziba mdomo kwa mkono. Wanaona aibu. Wengine wamekaa na maumivu mwaka mzima kwa sababu ya aibu hiyo. Walipokuwa wakinikuta mimi, na tabasamu langu la ghorofa ya chini, mkono ulishuka wenyewe. Walijua wamefika kwa mwenzao. Sasa wanafungua mlango wanakutana na meno kumi na mawili meupe, na mkono unarudi mdomoni.

Nina ushahidi. Yupo mtu mmoja mwenye kofia na skafu, mtu mzima, jino linamuua. Amekuja mara tatu wiki hii wakati wa chakula cha mchana. Mara zote amefika mpaka kizingitini, akaona yale meno, akageuka. Nimelishuhudia kwa karibu mno, na naweza kukuhakikishia kwamba usiku halali, na kwamba anatafunia upande mmoja. Mtu huyo atapona lini? Kwa ajili yake, kama si kwa ajili yangu, naomba nirudishwe mezani. Binti atafutiwe kazi isiyohitaji meno, au naye apewe penseli, ya kumfundisha kufunga mdomo.

Natumaini utalifikiria ombi hili kwa moyo uleule unaoutumia kuwatuliza watu kwenye kile kiti. Nisalimie muuguzi, mlinzi na pengo lake, na mama wa usafi, mwambie maji ya chumvi yanafika. Msalimie na Meneja. Sina kinyongo naye, nina sentimita themanini tu. Mama watoto na binti yangu wanakusalimu, na shangazi anasema uuache mdomo kama ulivyo.

Ni mimi mtiifu wako,
Mpokeaji wa Wagonjwa (kwa sasa Stoo),
maarufu kama Pazia.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaibandika, nimeifungua tena.

Yule mtu wa kofia na skafu ni mimi.

Katika maelezo yangu kuhusu meno ya juu, pale nilipoandika kwamba ni mazima, naomba upunguze moja. Ni lile la pembeni, kushoto, limevunjika mwaka wa nne huu. Nimewaambia watu elfu na elfu waje kukaguliwa kila baada ya miezi sita, na mimi kwenye kiti chako sijawahi kukaa hata dakika moja. Naogopa ile mashine yako ya kutobolea meno. Wagonjwa wenzangu walihitaji mkono kuficha meno yao. Mimi baba aliniachia mdomo. Nadhani mama wa usafi aliliona siku ile ya balbu.

Leo mchana nilikwenda mara ya nne. Binti aliniona kwenye kizingiti, na kofia na skafu hazifichi mdomo kama wangu, hivyo naamini alinitambua. Hakutabasamu. Alichukua daftari la miadi akaziba nalo meno yake yote kumi na mawili, akasema kwa sauti ya chini: "Baba, ukiwa tayari nipo. Hata mimi kile kiti nakiogopa." Nikajikuta nimeingia. Ameniandika Alhamisi, saa tatu, wa kwanza.

Kwa hiyo naomba binti asitolewe mezani, hasa Alhamisi, maana siwezi kujipokea mwenyewe. Jukwaa nalo liache. Utalazimika kuuinua huu mdomo kwa kidole, hilo nimekubali. Ukimaliza tu, Daktari, nakuomba uurudishe ulipokuwa.