Malalamiko Kuhusu Timu Iliyotoka Kwenye Daftari la Vipimo

Kwa Mwenyekiti wa Chama cha Mpira wa Miguu Mkoa,

Mheshimiwa, shikamoo. Pokea heshima zangu mimi katibu wa klabu ya Radi kwa mwaka wa kumi na nne, na fundi cherehani kwa miaka mingi zaidi ya hiyo. Ninakuandikia kwa uchungu kuhusu timu yetu ya wanawake, ambayo imekua bila idhini ya mtu yeyote. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili usipotee njiani.

1. Timu hii haikukusudiwa kuwepo. Utakumbuka miaka kumi na moja iliyopita ofisi yako ilitangaza kwamba klabu isiyo na timu ya wanawake itanyang'anywa uwanja. Wenzangu wakaniachia kazi hiyo mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko. Fomu ilidai majina ishirini ya wanawake. Ningeyatoa wapi? Nikafungua daftari langu la vipimo vya wateja, nikanakili kuanzia ukurasa wa kwanza: nesi wa zahanati, muuza mkaa, mwalimu wa hesabu, dada wawili wa duka la misumari, hivyo hivyo. Nilipofika kumi na tisa daftari likaisha, nikamwongeza mke wangu. Penye siku ya mazoezi nikaandika Jumanne, saa kumi alasiri, ili mradi pasibaki wazi. Wewe ukaigonga muhuri bila kuisoma, jambo ninalokushukuru hadi leo. Kosa likaja hapa: kanuni inataka nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa klabu, nami kwa kupenda kanuni nikaibandika. Wanawake wakaona majina yao. Jumanne saa kumi nikapita uwanjani, nikawakuta wote ishirini, mke wangu akiwemo, wananiuliza mpira uko wapi.

2. Hawajui kufungwa. Mechi ya kwanza walilala tisa bila. Nikashusha pumzi, nikajua yameisha. Sisi Radi tukifungwa tatu tu tuna utaratibu wetu unaojulikana: tunamlaumu refa, tunazilaumu nyasi, kisha tunagombana wenyewe kwa wenyewe na kupotea mpaka watu wasahau. Hawa Jumanne wakarudi. Mwalimu wa hesabu alikuja na karatasi aliyochora mabao yote tisa, wakakaa chini kuulizana nani alikuwa wapi. Mheshimiwa, maswali ya namna hiyo hayajawahi kuulizwa katika klabu yetu tangu iasisiwe, na yakizoeleka sijui nani atabaki salama. Mwaka uliofuata walifungwa nne. Wa tatu wakashinda. Leo wamechukua ubingwa wa mkoa mara tano, na mke wangu, niliyemwandika kujazia nafasi, ndiye kocha.

3. Jezi zao zinawakaa. Hili ni kosa langu na ninalikiri, maana vipimo nilikuwa navyo. Jezi za Radi zilikuja ndani ya gunia zimeshashonwa, na nahodha wetu, tunayemwita Injini, yake inamfika magotini. Mwezi uliopita mgeni kutoka ofisini kwako alimpa Injini chupa tupu akaitupe, akidhani ni mfagizi wa uwanja. Injini akaenda kuitupa.

4. Hili nimelifuta. Mke wangu alipita nyuma ya kiti changu nikiwa naliandika.

5. Wametuletea watazamaji. Radi tulizoea kucheza kwa utulivu, mbele ya watu wasiozidi kumi, wengi wao shemeji zetu. Siku hizi watu wanabeba viti kutoka majumbani. Wanafika sisi hatujamaliza, na wanatuuliza kwa adabu kabisa tumebakiza dakika ngapi. Na hao wanawake hata kuwachukia hakuwezekani. Nesi, ambaye ni beki wa kushoto, akimwangusha mtu anapiga magoti, anamkanda kifundo cha mguu na kumwambia Jumatatu apite zahanati.

6. Jumamosi. Hapa ndipo maji yalipotufika shingoni. Daftari (ndivyo watu wanavyoiita timu hiyo, nani aliwaambia sijui) wanacheza mechi yao ya mwisho ya kupanda ligi kuu, saa kumi alasiri, uwanjani kwetu. Siku hiyo hiyo Radi tunapambana tusishuke daraja, na tumesogezwa hadi saa tatu asubuhi, saa ambayo Injini hajawahi kuiona. Sasa, kwa kanuni, orodha ya wachezaji haipokelewi bila muhuri wa katibu wa klabu, na isipokufikia kabla ya Alhamisi saa sita mchana, mechi imepotea na ligi kuu basi. Wenzangu wamekaa kikao na kuniambia nisigonge. Nikigonga, ukatibu sina. Nami nikakubaliana nao kwa sauti kubwa, mbele ya mashahidi.

Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Mke wangu ananijibu kwa kichwa. Binti yetu ndiye golikipa. Timu ilipoanza alikuwa na miaka sita, anashinda chini ya meza yangu ya kukatia nguo, mimi namrushia mpira wa vitambaa, yeye anadaka. Jumatatu alisimama mlangoni mwa duka, hakuingia. Akasema, "Shikamoo, katibu. Muhuri ni wa klabu, si wa kwako." Akaenda zake mazoezini, maana wiki hii wanafanya kila siku. Mheshimiwa, kuitwa katibu na mtoto niliyemzaa mwenyewe kumeniuma sana, siwezi kukuficha.

Kwa hiyo ninaiomba ofisi yako iwaamuru Daftari wafungwe angalau mara mbili kila msimu kwa ajili ya ujirani mwema. Ipige marufuku kuulizana maswali baada ya mechi. Itamke wazi kwamba timu iliyosajiliwa kwa utani ibaki kuwa utani, hata ikishinda. Na Jumamosi iwape Radi ile saa kumi, hao wengine wakapumzike, wamecheza vya kutosha. Kama yote haya ni mazito, basi iturudishe tulivyokuwa kabla ya fomu: tunafungwa kila wiki, lakini hakuna wa kutulinganisha naye.

Nisalimie makamu wako, mweka hazina, yule mama wa mapokezi, na mgeni wa ile chupa. Huyo mwambie kwamba Injini hana kinyongo.

Ni mimi, ninayeumia kwa niaba ya wengi,

Katibu, Klabu ya Radi

Tanbihi: Nyuma ya barua hii utaikuta orodha ya wachezaji wa Daftari. Nimeigonga muhuri mara mbili, maana wa kwanza ulififia na sitaki mtu apate kisingizio. Muhuri wenyewe nimeutia humo humo ndani ya bahasha. Kwa walivyoniahidi wenzangu, sitauhitaji tena. Jana binti yangu aliingia dukani, jezi inambana. Nikachukua utepe wa kupimia. Nilipompima, mabega yalikuwa yamekipita mbali kipimo nilichokiandika mwaka jana, na mimi ninayeishi naye nilikuwa sijaona. Nimeifumua jezi yote na kuishona upya. Jumamosi duka nitalifunga saa saba, kwa sababu nafasi za nyuma ya goli zinawahiwa.