Majaribio ya Eafoni za Mheshimiwa Huko Marui

Kamati ya Pamoja ya Utulivu wa Masikio ya Viongozi, Kibaha na Kisarawe, ina furaha kuutangazia umma kwamba zoezi la kulinganisha eafoni zisizo na waya limekamilika kwa mafanikio makubwa. Mimi ndiye katibu wake, na sifichi fahari yangu. Kwa muda mrefu viongozi wetu wamesikiliza kero za wananchi kwa masikio matupu, bila kinga yoyote. Inauma sana.

Awamu ya kwanza ilifanyika Maili Moja, dukani kwa Recho, muuza simu. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Hashiru, alivaa eafoni nyeupe akasikiliza singeli, kisha hotuba yake mwenyewe.

"Besi inagonga, mheshimiwa?" Recho aliuliza.

"Inagonga. Ila bado nakusikia."

"Basi jaribu hizi nyeusi. Ukizivaa, hata mkeo akubwatukie vipi, husikii kitu. Ni noma!"

Alizivaa. Recho akamtajia bei, akairudia kwa kupaza sauti. Mheshimiwa akatabasamu tu. Kamati iliridhika.

Hata hivyo, kitaalamu, jaribio linahitaji kelele zenye viwango. Tukaenda Marui kwa pikapu ya ofisi, ambako pampu ya kisima imekufa tangu masika ya mwaka jana na watu wanachota maji dimbwi moja na ng'ombe. Kwa kulalamika, kijiji hicho hakina mpinzani. Mkutano wa hadhara ukaitishwa.

Mheshimiwa aliketi meza kuu, eafoni nyeusi masikioni, kofia ameishusha. Kila msemaji alipofunga mdomo, alifanya anavyofanya miaka yote: aliitikia kwa kichwa, akasema, "Nimelipokea. Utekelezaji uanze mara moja."

Bi Mwanaamina, mkulima wa mihogo, ndiye aliyeshtukia, akamjaribu.

"Mheshimiwa, jana nimezaa mamba."

"Nimelipokea. Utekelezaji uanze mara moja."

Watu wakaangua kicheko. Bi Mwanaamina hakucheka; mjukuu wake alikuwa amelazwa, anaharisha kwa maji ya lile dimbwi. Akasema polepole, kila mtu asikie:

"Basi naomba hiyo pikapu ya ofisi ibaki hapa, itubebee maji kutoka Kisarawe mjini mpaka pampu ipone."

"Nimelipokea. Utekelezaji uanze mara moja."

Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa, kuona makofi, naye akapiga.

Nilimgusa bega nimtonye, akanifukuza kwa mkono. Singeli ilikuwa imekolea. Dereva wetu Bilali, mtumishi mtiifu, akaniuliza, "Katibu, agizo la bosi nimelisikia kwa masikio yangu. Nimkatalie?"

Sikuwa na kanuni ya kumzuia. Akapakia madumu na akina mama, akaondoka.

Baadaye mheshimiwa akavua eafoni. "Nimewasikiliza kwa makini sana. Katibu, gari liko wapi?"

"Limekwenda kuchota maji, mheshimiwa."

"Kwa amri ya nani?"

"Yako!" mkutano mzima ukamjibu.

Angekana, angekiri kwamba hakusikia neno. Akasema hakika serikali ni sikivu. Tulirudi Kibaha kwa bodaboda moja, mimi nimebanwa katikati.

Kamati inapendekeza eafoni nyeusi. Kwa kuzuia kelele hazina mfano: pikapu iliwashwa nyuma ya mgongo wa mheshimiwa na hakuisikia. Kuhusu spea ya pampu, iliyokuwa ikisubiriwa kutoka ng'ambo, umma unaarifiwa kwamba ilipatikana kesho yake, hapohapo Kibaha.