Lenzi ya Mativo na Mbuzi wa Kiamaiko

Tegueni hiki: nina jicho moja, refu kama mkono wa mtoto, likitazama, kilicho mbali husogea na kilicho karibu hupotea. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nipeni Nairobi, upande wa mashariki, mwaka wa tisini na sita, juu ya paa la ghorofa ya kupanga huko Komarock.

Hapo ndipo alipokuwa Mativo, amelala kifudifudi kati ya nguo zilizoanikwa, jicho limebanwa kwenye kamera. Kamera yenyewe ilikuwa ya mtu anayejifunza, nyepesi, ya plastiki. Lakini mbele yake alikuwa amefunga lenzi ndefu ya zamani, ya kuzungushwa kwa mkono, aliyoipata sokoni Gikomba kwa mama mmoja aliyekuwa akiiuza pamoja na mabomba ya maji. Kati ya lenzi na kamera akatia kipande kingine kifupi, ambacho kazi yake ni kuzidisha kila kitu mara mbili. Hicho alikiita Pacha. Pacha alikula mwanga kama wageni wa arusi wanavyokula pilau, kwa hiyo kila kitu kilionekana chenye giza na ukungu kidogo. Na ukipumua tu, Njiru nzima, mtaa wa mbali aliokuwa akiulenga, ilitetemeka. Ndiyo maana bomba lote lilikuwa limelazwa juu ya mfuko wa maharagwe.

Mativo akazungusha pete ya lenzi polepole, barabara ya Kangundo ikaja. Akazungusha tena, na hapo, limeiegemea lami kabisa, akaona shamba lake mwenyewe.

Shamba hilo aliachiwa na marehemu mjomba wake. Kutoka lami kwa miguu, unatembea unachoka, unapumzika, unachoka tena. Mawe yamejitokeza kila mahali kama meno mabovu, hata kunde zimekataa kuota. Mativo alilionea haya. Lakini ndani ya bomba lilikuwa limesogea mpaka ungeweza kusimama katikati yake ukanunua mahindi ya kuchoma barabarani. Na mawe yote, kwa ukungu wa Pacha, yalikuwa yamelainika kama blanketi.

Mambo hayo yalikuja wakati wake. Jumamosi ilikuwa siku ya kupeleka ntheo, wale mbuzi ambao kwa Wakamba mwanamume asipowapeleka, hata akizaa na binti wa watu watoto kumi, yeye bado ni mgeni aliyekawia kuondoka. Mzee Ndolo, baba yake Nzisa, alikuwa amesema mbele ya watu: Jumamosi mbuzi waonekane, la sivyo Nzisa asitajwe tena na mdomo wa kijana anayeamka jua likiwa utosini. Mativo hakuwa na mbuzi hata wa kuchora. Na alimpenda Nzisa. Katika mambo yote aliyowahi kuyasema mjini, hilo peke yake halikutiwa chumvi.

Basi ana ardhi asiyoitaka, na anataka mbuzi asio nao. Akashuka, akapiga viatu rangi, akaelekea Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi.

Huko alimtafuta Githinji, mfanyabiashara ambaye huwalambisha mbuzi wake chumvi alfajiri na kuwanywesha maji kabla ya wateja kufika, hivi kwamba ukinunua kilo, nusu umenunua mto.

"Niaje, mzee wa kazi," Mativo akasema.

"Mzee ni babako. Unataka mguu au mbuzi mzima?"

"Nataka kukupunguzia mbuzi nikuongezee dunia. Niko na ploti Njiru. Imekaa na lami kama wewe na mkanda wako."

Githinji akautafuta mkanda wake, uliokuwa umezama chini ya tumbo. "Twende nikaione."

"Na vumbi lote lile? Kuna mashine siku hizi."

Juu ya paa, tumbo la Githinji lilikataa kulala sawasawa, ikabidi maharagwe yainuliwe kwa matofali mawili.

"Usipumue," Mativo akamwambia.

"Nisipopumua nitaiona nikiwa marehemu." Hata hivyo akajibana. "Naona lami. Naona mgunga mmoja. Mbona hapo katikati pana kijivu?"

"Kivuli cha wingu."

"Hakuna wingu."

"Limeshapita. Mashine inachelewa kidogo."

Githinji akatazama tena kwa muda mrefu. "Si mawe hayo?" Sauti yake ilikuwa na njaa ndani, lakini Mativo akaisikia kuwa ni wasiwasi.

"Mawe? Buda, ukidondosha jiwe pale majirani watakuja kulishangaa. Ni udongo mtupu, laini, kitanda cha bibi arusi."

Githinji akainuka, akajipangusa magoti kwa makini, kama mtu anayeficha uso. "Haya. Hata mimi napenda udongo laini. Mbuzi watano."

"Kumi."

"Sita, na gari la kuwafikisha."

"Ila nitawachagua mwenyewe."

"Chagua, kwani nimekukataza? Wazuri wako ng'ambo ya mto, malishoni. Lakini wale wakimwona mgeni wanashtuka, wanakonda. Panda juu ya bucha langu uwatazame kwa bomba lako."

Mtu mwingine yeyote angevua viatu akavuka mto. Mativo hangeweza. Kuvuka kungekuwa kukiri kwamba bomba halitoshi, naye muda mfupi uliopita alikuwa ameapa kwamba linatosha. Akapanda juu ya bucha, akaweka maharagwe, akalenga.

Akaona wanyama weupe, vichwa vyeusi, wanene, wamesongamana kama magunia ghalani. Kwa kweli walikuwa wametawanyika, ila bomba halijui nafasi, hukibana kilicho mbele na kilicho nyuma pamoja. Tena Mativo alizaliwa na kukulia Makadara, mjini kabisa. Alimfahamu mbuzi vizuri tangu mbavu hadi supu. Akiwa bado na ngozi, hawakuwahi kutambulishwa.

"Wale sita wa mbele," akasema. "Wale wenye mikia ya kitajiri."

"Una jicho," Githinji akamjibu kwa heshima.

Ijumaa wakatia sahihi mbele ya wakili, hati ya shamba ikahama mfuko. Walipeana mikono kwa upole, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Jumamosi gari la Githinji likafika nyumbani kwa Mzee Ndolo, Kayole. Mativo alikuwa ametangulia, amevaa suti, amezungukwa na wajomba wawili aliowakodi. Wanyama wakashushwa uani. Susu Kanyiva, nyanya yake Nzisa, aliyechunga mbuzi kabla hajajua viatu, akawazunguka mara moja. Akainua mkia wa mmoja wao, akauachilia. Ukaanguka kama taulo lililoloa.

"Mjukuu wangu," akasema, "hawa wanaitwa nani?"

"Mbuzi, Susu. Wa kisasa."

"Mbuzi mkia wake husimama. Wa huyu umelala."

"Amechoka na safari, Susu."

"Wote sita?"

"Si walipanda gari moja."

Mlangoni, Nzisa akajifunika uso kwa leso. Mabega yake yalitikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka. Wajomba wa kukodi wakaanza kuulizana njia ya stendi.

"Ntheo ni mbuzi," Susu akasema. "Ukileta kondoo, umeleta mboga."

Mativo akamgeukia Mzee Ndolo, ulimi ukiwa umeshapakwa mafuta. "Baba, kuna mtu amenihadaa. Nipe wiki moja tu."

Watu walingoja mzee afoke. Hakufoka. Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, palipoegeshwa lori lake la kubeba mchanga.

"Kijana, mbuzi tutangoja," akasema kwa sauti ya chini. "Mbuzi ni maneno ya watu. Mimi nina lori. Wewe una mawe."

"Mawe, baba?"

"Ya mjomba wako. Mwezi uliopita nilienda kimyakimya na nyundo. Ni mawe ya kujengea, safi, mpaka chini. Unaona jinsi wanavyojenga upande ule? Nilipiga kelele kuhusu mbuzi ili usijue haraka yangu ni ya mawe. Sasa niambie, tunaanza kuchimba Jumatatu?"

Mativo akaanza kupangusa vumbi kwenye taa ya lori.

"Kuna mtu umemwambia habari za mawe hayo?" Ndolo akauliza.

"Mmoja. Nilimwambia hakuna."

"Naye akafanya nini?"

"Akanipa kondoo."

Mzee Ndolo akakaa kwenye ngazi ya lori. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Halafu akarudi uani. "Mama, wachinjeni."

"Kwa ntheo?" Susu akauliza.

"Kwa chakula cha mchana."

"Na mimi, baba?" Mativo akauliza.

"Wewe shika miguu."

Nzisa akaleta karai la kukingia damu, akaliweka karibu na viatu vya Mativo vilivyong'aa. "Dereva aliyeleta kondoo anasema kuna mtu wa Kiamaiko anatafuta vibarua wa kuvunja mawe Njiru," akamwambia polepole. "Nenda mapema, kabla foleni haijajaa. Nitakungoja hadi mwezi wa nane. Na ukinunua mbuzi, anza na mkia."

Mativo akavua koti, akakunja mikono ya shati, akamshika kondoo miguu.