Msimpigie Kura Mume Wangu

Kwa Bwana Lund,
Mhariri wa gazeti letu la kila Alhamisi,
Kaunti ya Tolliver.

Bwana Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la mama yako limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila nina hasira, na hasira yangu ina vipengele. Kwa hiyo naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji, hata kama itabidi uondoe tangazo la mbegu za mahindi.

Kama ujuavyo, mume wangu Verlyn Stenerud ndiye sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti hii. Amekuwa polisi tangu kabla hatujaoana. Siku ya harusi yetu alichelewa kanisani kwa sababu alikuwa amemsimamisha mpiga kinanda kwa mwendo kasi. Mwaka huu alikuwa astaafu. Tumenunua nyumba ya kukokotwa na gari, nimeishonea mapazia ya manjano, na mdogo wangu Marvel aliyeko Arizona, kwenye joto, ameshatutengea pa kuiegesha wakati wa baridi. Badala yake, Verlyn anagombea Uanasheria Mkuu wa Jimbo. Nawaomba wapiga kura wote, kwa heshima na taadhima, wamnyime kura. Sababu zangu ni hizi:

1. Hakuniambia. Habari nilizipata kwenye kifungua kinywa cha chapati za maji cha kikosi cha zimamoto. Mwenyekiti wa chama, Duane Hofer, alipanda juu ya kiti akatangaza, watu wakapiga makofi, nami nikamwaga shira kwenye viatu vya mchungaji. Nilipomuuliza Verlyn kwa nini alinificha, alijibu, "Suala hilo lilikuwa bado kwenye uchunguzi." Hivyo ndivyo anavyokujibu wewe, Bwana Mhariri. Mimi ni mke wake.

2. Hajui kuomba kura. Wagombea wenzake hugonga mlango kwa vidole, hutabasamu, husifu maua. Verlyn anagonga kwa ubavu wa ngumi, kisha anajibanza pembeni ya mlango, mkono kiunoni penye bastola, kama alivyofundishwa. Nusu ya mtaa ilitokea mlango wa nyuma. Waliobaki walikiri. Gaylord Tiede, muuza matrekta, alifungua akiwa ameshainua mikono juu: "Haya, Sherifu, umenipata! Yule kulungu nilimpiga kabla ya msimu wa kuwinda, nyama iko kwenye friza. Ila tafadhali, mke wangu asijue!" Verlyn alikuwa anataka kumpa kalenda ya kampeni tu. Jioni ile alirudi nyumbani bila ahadi ya kura hata moja, amebeba paja la kulungu kama ushahidi. Limo kwenye friza yangu, juu ya maharage yangu.

3. Mabango. Akina mama wa kanisa letu walijitolea wakasimika mabango yake barabara nzima ya kuingia mjini. Kesho yake akayang'oa yote, kwa kuwa sheria inataka bango likae mbali na ukingo wa barabara, kisha akawaandikia faini. Wote, na mimi nikiwemo. Sijui kama umewahi kunywa kahawa baada ya ibada pamoja na wanawake waliopigwa faini na mumeo kwa kosa la kumpenda. Hakuna aliyenisogezea sukari.

4. Gwaride la Nne Julai, sikukuu ya uhuru. Unajua mwenyewe, mgombea hupanda lori akawarushia watoto peremende, basi, kazi imekwisha. Verlyn alirusha moja, akaiona imeanguka barabarani, akashuka kuiokota, maana kutupa taka barabarani ni kosa. Akiwa ameinama ndipo akaona kwamba trekta la mbele halina ile pembetatu ya rangi ya chungwa ya chombo cha mwendo wa polepole. Akasimamisha gwaride zima.

"Unajua kwa nini nimekusimamisha?" akamuuliza dereva. Dereva alikuwa Duane Hofer, mwenyekiti wa chama chake mwenyewe.

"Verlyn, acha utani bwana, watu wanatuangalia!"

"Leseni na kadi ya chombo, tafadhali."

Bendi ya shule ilisubiri juani mpaka mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, akakaa chini.

5. Mdahalo. Hapa ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mpinzani wake, wakili mwenye meno mazuri, aliichambua katiba kwa ufasaha mpaka nikapata matumaini. Kisha Verlyn akapewa nafasi ya kumuuliza mwenzake swali moja. Akamtazama machoni kitambo, akasema, "Leo umekunywa ngapi?" Wakili, bila hata kufikiri, akajibu, "Mbili tu, Afande." Ukumbi uliangua kicheko, na tangu siku ile kura za maoni zinaonyesha kuwa mume wangu anaongoza.

Ndiyo maana naandika, Bwana Mhariri. Mtu huyu anaweza kushinda! Maisha yangu yote ya ndoa nimegawana mume na kaunti nzima. Nimekula Krismasi nikitazama kiti kitupu kwa sababu ng'ombe wa mtu walikuwa barabarani. Nilivumilia, kwa kuwa kaunti ina mwisho wake. Jimbo ni kubwa mno. Namtaka mume wangu nyumbani, mchana kutwa, kila siku, karibu yangu. Sidhani kama ni ombi la kupindukia.

Nisalimie mama, mkeo, mpiga tuba, na akina mama wote wa kanisani wanaonisemesha. Msalimie pia Gaylord Tiede, na umwombe mkewe asisome kipengele cha pili.

Wako kwa heshima na uchungu,
Arlys Stenerud (Bi.)

Tanbihi: Barua hii ilikuwa imeshafungwa na stempu imebandikwa, Verlyn akashikwa na mafua, daktari akamwamuru apumzike nyumbani. Yuko hapa tangu Jumatatu. Ameweka koni za barabarani mbele ya gereji. Amemhoji mleta barua mpaka maskini ameomba kuhamishwa. Nikikaanga mayai, ananikazia macho mikononi. Jana nikitoka kwenda kushona mablanketi na wenzangu, akaniuliza, "Unatoka wapi, unakwenda wapi, na kwenye mfuko huo mna nini?" Na ile nyumba ya kukokotwa, Bwana Mhariri, ina chumba kimoja.

Nimetazama ramani. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu iko mwendo wa saa nne kwa gari kutoka jikoni kwangu, na wakati wa theluji ni zaidi. Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu, uchapishe hili tu: mpigieni kura Verlyn Stenerud, mtu mwadilifu, mchapakazi, anayestahili kabisa kuwa huko. Ningewaomba mpige mara mbili mbili, lakini amesimama nyuma yangu, anasoma.