Sandali ya Mama Mkwe

Jumatano, 6 Agosti

Habari nzito. Mama mkwe ametangaza kwamba chumba chake cha mbele, kile chenye mlango unaotazama barabara, atampa mkwe wake mmoja afanyie kazi. Wakwe tuko wawili tu. Mimi, fundi viatu, ninayeshonea chini ya ngazi za watu. Na mwanyumba wangu, mume wa shemeji yangu, anayetengeneza simu na kujiita injinia. Mimi namwita Bwana Chaji. Si mbele yake.

Jibu litatoka Jumapili, familia nzima ikienda kutazama maporomoko ya maji. Bwana Chaji ameshajitolea gari. La kuazima! Mke wangu ananiambia nitulie, kazi yangu itanisemea. Kazi haina mdomo. Mdomo ninao mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata! Sandali za mama mkwe ninazo hapa. Alizileta nizishone mikanda upya, nikazishona vizuri mno. Leo nimezifumua. Ule wa kulia nimeuachia nyuzi mbili tu, nikapaka rangi juu, hata shetani haoni.

Mpango wenyewe: tukifika penye utelezi, mkanda unakatika. Bwana Chaji anachomoa simu. Itamsaidia nini? Mimi natoa mfukoni sindano, uzi na nta, napiga goti, nashona palepale mbele ya umma. Hatari? Haipo, nitakuwa nimemshika mama mkono.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama mkwe kazichukua. Kafurahi, kaniombea dua ndefu. Njiani kamwonyesha kila jirani na kumwambia nani kazishona. Na mimi nimefurahi. Sifa ni sifa.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefanya mazoezi ya kupiga goti. Mke wangu kaniuliza nimeangusha nini.

Jumapili, 10 Agosti

Heri ningebaki nyumbani.

Maporomoko tuliyasikia kabla ya kuyaona. Ardhi inatetemeka miguuni, manyunyu yanakupiga usoni, na mtu akitaka kukwambia jambo lazima akupigie kelele. Tukashuka ngazi za mawe, mimi nimemshika mama mkono. Mkanda ukakatika mahali pake hasa! Ila sandali haikubaki. Iliteleza, ikapita chini ya uzio, ikaingia majini. Nami nimesimama na sindano yangu. Nishone nini?

Bwana Chaji akazunguka hadi ukingoni, akaingia na viatu vyake, maji magotini, akaivuta kwa fimbo. Watu wakampigia makofi, hata wasiotujua. Nikaipokea haraka, nikapiga goti. Hapo shemeji yangu akainama na kuuliza kama hizi si zile nilizoshona juzi.

Naapa halikunijia hilo hata mara moja. Nilikuwa na njia mbili: niwe fundi mbovu au mkwe mbaya. Nikachagua ya tatu. Nikayasingizia maji. Nikapaza sauti kwamba maji ya huku ni makali, yanaozesha uzi wowote, hakuna fundi duniani anayeyaweza.

Bwana Chaji akanyanyua mguu, kiatu kinachuruzika. Akasema, kwa kelele lakini bila ubaya, kwamba hivi navyo nilimshonea mimi, ametoka majini sasa hivi, na hakuna uzi ulioachia. Kwa mara ya kwanza nimesifiwa kazi yangu hadharani, na nilitamani nijitupe mle majini.

Mama mkwe akaichukua sandali. Akapitisha kidole kwenye mkanda. Rangi ikabaki kidoleni. Akanitazama, akapanda ngazi zote pekupeku. Kuziona nyayo zile juu ya mawe yenye maji kumeniuma kuliko aibu yenyewe.

Garini ndipo aliposema. "Chumba nitakaa mwenyewe kwanza. Nitazame barabara, na niwatazame wakwe zangu."

Mke wangu kaniambia maneno mawili tu. Mwerevu hajinyoi.

Jumanne, 12 Agosti

Mama mkwe kaja mpaka chini ya ngazi ninaposhonea, sandali mkononi. "Nishonee kama ulivyomshonea mwenzako, mwanangu," akasema. Nilikaribia kulia. Nimeshona mshono maradufu, nimetia nta, nimevuta kwa meno. Mbele ya Mungu, hila basi. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya.

Alasiri kaja Bwana Chaji na viatu vyake vyeusi. Anataka visigino vipya kabla ya Jumamosi, anampeleka mama harusini. Nimevishika. Nimevigeuza. Kisigino kimoja kikichomoka ukumbini, mbele ya mama, huku mimi nimekaa karibu, nyundo mfukoni...

Safari hii nimefikiria kila kitu. Hata rangi ni ile isiyotoka. Nimemwomba jambo moja tu: akifika harusini, amwambie kila mtu nani amemtengenezea.