Sekunde Thelathini na Moja za Haron

Jumatatu, 9 Juni 2025

Wiki ya sita ya ndoa. Bado nikiandika neno "mume" nalirudia kwa raha. Haron Anyona, mume wangu! Anaamka, ananipikia uji, kisha anapiga gitaa hata kabla ya kunawa uso. Nani mwingine hapa Itumbe ana bahati kama yangu?

Lakini leo nimelia. Mjomba wake Manasseh amepiga simu kutoka Athi River, karibu na Nairobi. Amempatia kazi ya ghala, na nafasi itamngoja hadi Ijumaa ya tarehe ishirini tu. Haron amenishika mikono yote miwili akanieleza polepole. Wimbo wake ukionyesha dalili ya kuleta pesa yoyote kabla ya siku hiyo, anabaki. Usipoonyesha, anaenda, nami nabaki hapa na mama mkwe.

Wimbo unaitwa "Nyaboke wa Majani Chai". Nyaboke ni mimi! Tangu Aprili umesikilizwa mtandaoni mara mia mbili na kumi na mbili. Nusu ni mimi.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda Kisii mjini kwa Ian, aliyemrekodi Haron. Sikumwambia Haron. Ian amenieleza mambo ya mirabaha huku akila chapati. Pesa zote zinazoingia kwa mwezi zinarundikwa mahali pamoja, kisha kila wimbo unapewa fungu lake kulingana na mara ulizosikilizwa. Fungu la mdogo ni makombo. Wimbo usiofika mara elfu moja kwa mwaka haupati hata hayo makombo. Na mtu anahesabiwa akishapita sekunde thelathini.

Nikauliza, hata sauti ikiwa imezimwa? Ian akacheka, akasema mashine haina masikio, shemeji.

Mashine haina masikio! Alikuwa anaendelea kunieleza kitu kuhusu adhabu, lakini nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Kibanda changu kinachaji simu. Wachuma chai wanaziacha asubuhi wakienda shambani na kuzichukua jioni. Leo zilikuwa kumi na mbili, zimelala tu mezani bila kazi. Sasa zitafanya kazi!

Alhamisi, 12 Juni

Mpango unakwenda vizuri mno. Ninawaomba wateja namba ya siri ya kufungua simu, nawaambia nitapunguza mwanga ili betri ijae haraka. Wananipa, na wengine wananishukuru. Kisha nazima sauti, nafungua wimbo, nahesabu hadi thelathini na moja, naanza upya. Kwa nini nimalize bando za watu kwa dakika nne nzima? Mimi si mwizi.

Jacinta wa kibanda cha mbele, naye anachaji simu, amenitazama mchana kutwa. Jioni akaniita kwa sauti, bibi arusi, unazipapasa simu za watu kama unawatafutia chawa. Wateja wake wakacheka. Acha wacheke. Hana mume aliyemtungia wimbo.

Leo tumefika mia saba na themanini! Haron ameona, akaniinua juu mbele ya mama yake. Nimeona haya. Nataka aniinue tena.

Jumamosi, 14 Juni

Sabato. Kibanda kimefungwa. Kidole gumba kimevimba kwa kubonyeza. Mama mkwe amekiona nikiwamwagia wageni maji ya kunawa, akasema mwanangu huyu kazi itamuua. Mzee Makori wa kanisani akasimama hapo hapo akakiombea. Kidole cha uongo, kimeombewa mezani, na watu saba wakaitikia amina! Nilitamani kuingia chini ya kiti.

Usiku Haron amekikanda kwa maji ya chumvi. Akasema hivi vidole ndivyo vinavyomfanya aimbe. Jamani, mume huyu!

Na jana tulifika elfu moja na arobaini na sita. Kesho anakaa chini kuangalia takwimu zote. Atabaki. Najua atabaki.

Jumapili, 15 Juni

Siwezi kula.

Haron amefungua ule ukurasa wa takwimu akitabasamu. Kumbe kuna mchoro unaoonyesha wasikilizaji wanaacha wimbo wapi! Mstari unatembea vizuri juu, juu, halafu sekunde ya thelathini na moja unaanguka kama mti uliokatwa. Haron ameufuata kwa kidole hadi hapo. Akasema watu elfu moja wameisikia sauti yake nusu dakika wakakimbia. Akasema jina langu, Nyaboke, liko sekunde ya arobaini na nane. Karibu wote hawakulifikia.

Nilifungua mdomo kumwambia. Kweli nilifungua. Nikasema labda walikosa bando.

Hakucheka. Amefunga gitaa ndani ya shuka.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamka na dawa. Leo kila simu itacheza wimbo hadi mwisho, mchoro unyanyuke, naye moyo wake unyanyuke!

Mama Roselyne, mteja wangu, akaja saa mbili asubuhi, mkono kiunoni. Akauliza bando yake ya wiki imekwenda wapi, maana ameacha simu kwangu ichajiwe, si inyonywe. Nikasema ni mtandao. Akasema mtandao huo una jina na una kibanda. Akavuka barabara na simu yake hadi kwa Jacinta, na wenzake wanane wakamfuata.

Nimebaki na simu tatu. Nimeucheza wimbo hadi mwisho kutwa nzima, na mara moja nikafungua sauti kidogo. Haron anaimba kwamba aliniona kwenye kituo cha kupimia majani chai nimebeba kikapu, akasahau alikokuwa anakwenda. Nimelia juu ya simu ya mteja. Imeingia maji. Imezima.

Jumatano, 18 Juni

Barua imekuja kutoka kampuni inayousambaza wimbo mtandaoni. Haron amenisomea. Wamegundua usikilizaji wa uongo, simu chache za mahali pamoja zikirudia wimbo mmoja siku nzima. Wimbo umeondolewa kila mahali. Hakuna mirabaha, na atakatwa faini.

Haron amekaa kwenye ngazi hadi chai ikapoa. Akaniuliza ni nani anayemchukia hivi. Akamtaja Ian, akajibu mwenyewe kwamba Ian ana nusu ya mapato ya wimbo, hawezi kujikata mkono. Akamtaja binamu yake wa Nyaramba. Mimi nikasema dunia ina watu wabaya.

Kisha akanipigapiga mgongoni kunituliza. Mimi! Alinituliza mimi!

Ijumaa, 20 Juni

Ameondoka asubuhi. Begi moja. Gitaa ameliacha limefungwa, akamwambia mama yake amuuzie mtu yeyote wa kwaya anayelitaka. Nilimsindikiza hadi stendi, nikamwambia atarudi kuimba. Akasema, Nyaboke, mtu anajua akikataliwa.

Jacinta aliniona nikirudi peke yangu. Alikuwa na simu ishirini mezani. Akanipa yai la kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Hilo ndilo limeniumiza kuliko matusi.

Jioni nilitaka kuusikiliza wimbo wangu. Haupo. Nimeutafuta kwa jina lake na kwa jina langu. Haupo.

Jumapili, 22 Juni

Nimepata njia!

Jana nilifungua akaunti ya msichana anayeitwa Bonareri, wa Kiogoro. Picha nimeweka ua. Bonareri akamwandikia Haron kwenye ukurasa wake kwamba aliusikiliza wimbo kabla haujaondolewa, wote, hadi neno la mwisho, na sehemu ya kikapu ilimliza.

Amejibu baada ya dakika nne. Ujumbe wangu mimi mkewe huwa anaujibu baada ya saa mbili, anasema ghalani hawaruhusu simu. Ameandika: "Asante sana dada. Wewe peke yako ndiye uliyefika mwisho. Nilikuwa nimeapa sitaimba tena."

Nimeruka hadi mama mkwe akauliza kama nimeumwa na siafu. Yuko hai, moyo wake uko hai! Halafu nikausoma tena. Dada? Wewe peke yako? Na kwa nini, mwishoni mwa ujumbe, amemuuliza Bonareri kama huwa anakwenda Nairobi?

Bonareri sitamruhusu ajibu. Kesho nafungua akaunti za wasikilizaji kumi wapya kwenye simu za wateja, wote wanaume, wote wazee. Wateja sita wamerudi kwangu wiki hii, na wote wameniachia namba zao za siri.