Chui Juu ya Bafu

Jumatano, tarehe 3 Desemba

Tumefika kambini. Mahema mawili, gari moja, jiko la gesi na bafu la turubai lisilo na paa. Tuko wasichana watatu tuliomaliza shule juzijuzi: mimi, Redio na Usingizi. Ni majina ya utani, lakini hata walimu waliyatumia. Anayetuongoza ni mjomba wake Redio, na sote tunamwita Mjomba. Kazi yake ni kutembeza watalii. Wiki hii anatutembeza sisi, zawadi ya kumaliza mtihani.

Zawadi! Mimi sikuja kustarehe. Mjomba anatafuta msaidizi wa msimu huu, na atamchagua kati yetu kabla hatujarudi. Nikiikosa kazi hiyo, Jumatatu naanza kupima misumari dukani kwa Baba. Ameshaninunulia aproni. Ya kijani.

Sheria ya Mjomba: ukiona mnyama, usipige kelele. Gonga bodi ya gari. Mara moja, yuko kulia. Mara mbili, yuko kushoto. Sheria tamu! Sauti yangu hukauka hata nikiulizwa jina. Kugonga naweza.

Alhamisi, tarehe 4 Desemba

Redio amegonga twiga. Redio amegonga pundamilia. Redio amegonga tembo, akamsimulia weee, mpaka tembo mwenyewe akaondoka.

Usingizi alisinzia, kichwa kikapiga dirisha. Mara moja. Mjomba akasimamisha gari, akatazama kulia. Vifaru wawili! Akamsifu sana. Mpaka sasa Usingizi hajui alisifiwa kwa nini.

Mimi nimegonga kichuguu. Redio akaniambia, "Mpige picha taratibu, shosti, huyo hakimbii." Nikacheka na wengine. Ndani nachemka.

Jioni Mjomba akasema msimu mzima hajaona chui, na atakayemwonyesha chui ndiye atakuwa macho yake. Akasema pia tusiache chakula nje ya gari, hata ganda la ndizi, maana wanyama hunusa.

Wanyama hunusa. Nalala na maneno hayo.

Ijumaa, tarehe 5 Desemba

Mpango umekamilika. Karibu ukamilike.

Mjomba akibadilisha tairi, nilichukua vipande viwili vya nyama mbichi kwenye sanduku la barafu. Nikavitia katika soksi yangu ya shule, ile ndefu nyeupe. Nilikusudia kuitundika mbali, kwenye mto mkavu, mahali ninapopajua peke yangu. Asubuhi chui yuko pale, mimi nagonga, kazi yangu!

Nilifika nyuma ya bafu tu. Kitu kikanguruma. Nikaitundika soksi kwenye tawi la kwanza lililokuwa karibu, nikatoka mbio.

Ngurumo yenyewe ilikuwa Usingizi, anakoroma hemani.

Tawi limeinamia bafu kidogo. Sijarudi kulihamisha. Miguu imekataa.

Jumamosi, tarehe 6 Desemba

Nitaandika yote. Hata yale ya aibu.

Alfajiri nilijifungia garini, macho kwenye tawi. Mjomba alikuwa anachemsha chai. Redio akapita na ndoo na taulo, akaingia bafuni. Nilitaka kumwambia asubiri. Angeniuliza asubiri nini. Nikanyamaza.

Akaanza kuoga na kuimba. Soksi ikaanza kucheza. Upepo haukuwepo.

Kisha nikaona mkia.

Chui! Nitasema kweli: kwanza nilifurahi. Kisha nikaona unyayo wake unavyoning'inia juu ya kichwa cha Redio, kichwa kilichojaa povu.

Nikafungua mdomo. Hewa tupu. Nikagonga mara mbili. Mjomba, bila kugeuka, akasema niwe na subira, chai inakuja. Nikagonga tena mara mbili, mpaka vidole vikauma. Akageuka, akafuata macho yangu. Kikombe kikabaki hewani.

Akaongea polepole, kama mtu anayeomba sukari. Akamwambia Redio aendelee kuimba, asikimbie, asitazame juu.

Redio akatazama juu.

Wimbo ukakatika. Chui akasimama juu ya tawi.

"Imba, mama," Mjomba akasema. "Imba tu."

Redio akaimba. Wimbo ukaisha. Akaimba wa shule, nao ukaisha. Akaanza kuimba hesabu za kuzidisha kwa saba. Nikamfungulia Mjomba mlango, akaingia, akawasha gari, tukasogea kama konokono. Saba mara nane, akaimba Redio, hamsini na nne.

"Hamsini na sita!" Usingizi akapaza sauti toka hemani.

Chui akageuza kichwa. Hapo ndipo mlango wa gari ulipogusa turubai. Redio akapenya na taulo lake na povu lake, akaniangukia mapajani. Meno yake yalikuwa yanagongana. Nilimkumbatia kwa nguvu. Chui akaichana soksi, akala, akaruka, akaiangusha kwenye nyasi, akatokomea.

Mjomba alingoja sana kabla ya kuteremka kuiokota.

Mama yangu ameshona jina langu kwenye nguo zangu zote za shule. Kwa uzi mwekundu. Majina yote mawili.

Mjomba akalisoma. Akaiweka soksi mbele ya kioo cha gari, ikanitazama siku nzima. Hakusema kitu. Redio naye hakusema kitu. Redio! Hilo limenitisha kuliko chui.

Jumapili, tarehe 7 Desemba

Tumerudi. Kazi amepata Redio. Mjomba amesema aliyeimba hesabu chini ya chui hatashindwa na watalii. Mimi akaniambia macho ninayo, lakini nusura nimzike mpwa wake. Niende nikatafakari kosa langu.

Nilimwomba Redio msamaha. Kwa sauti, mbele za watu! Akasema, "Siku nyingine ukitaka kuniua, shosti, ngoja nijisuuze kwanza." Tukacheka, tukalia.

Sasa niko chumbani. Aproni ya kijani inaning'inia mlangoni. Nimetafakari kama nilivyoagizwa, kwa moyo wote, na kosa nimelipata.

Kwenye begi langu imeingia soksi moja ya Redio. Nimeikagua ndani na nje. Mama yake hashoni majina.

Mjomba atahitaji msaidizi wa pili mwezi wa nne. Nimeifua soksi hiyo, nimeikunja, nimeiweka chini ya mto wangu.